Wota pampu iliyojificha: ubadilishe pampu peke yake, au na taimingi belti yake?

Pale Ruaha Mbuyuni, kabla hujaanza kupanda mlima wa Kitonga, magari mengi husimama kununua vitunguu. Mimi nilisimama kwa sababu mshale wa joto ulikuwa umepita katikati na ulikuwa bado unapanda. Nikazima injini, nikachuchumaa upande wa dereva nyuma ya gurudumu la mbele. Kwenye ncha ya chini ya kava ya taimingi, kifuniko cha belti inayooanisha mizunguko ya injini, kulikuwa na tone la kulanti (maji ya kupozea injini), jekundu lililopauka, linaning'inia. Likadondoka, likajikusanya jingine. Gari ni RAV4 ya 1997 yenye injini ya 3S-FE, na mahali tone lile lilipotokea hapana hosi wala rejeta. Ndani ya kava ile kinachobeba maji ni wota pampu tu, ile inayozungusha kulanti ndani ya injini.

Pampu ya gari hilo nimeibadilisha mara mbili. Mara ya kwanza niliweka pampu peke yake. Miezi michache baadaye nikalipa ufundi uleule, wa kufungua palepale, kwa sababu puli ya kukazia belti ilianza kulia na sili ya krenki (mpira unaozuia oili kwenye shafti kuu ya injini) ikawa inatoa oili. Nazilinganisha njia hizi hapa kwa ajili ya mwenye gari la umri huo ambaye fundi amemwambia leo, "Bosi, pampu imekwisha," na anatakiwa kuamua kabla ya saa nane mchana.

Kwanza ujue pampu yako iko wapi

Ushauri wote unategemea hapa, na wengi wanapeana ushauri bila kuulizana injini. Kwenye Vitz, IST au Fielder yenye 1NZ-FE, taimingi ni ya cheni na pampu iko nje, inazungushwa na feni belti. Nafasi ni finyu, mkono unachubuka kwenye bodi, lakini taimingi haiguswi. Basi badilisha pampu, tazama feni belti, funga, ondoka. Corolla za zamani zenye 4A na 5A ziko katikati: pampu inazungushwa na feni belti, ila kava za juu za taimingi lazima zitoke ndipo uifikie. Belti yenyewe inabaki mahali pake.

3S-FE ni habari nyingine. Hii ndiyo injini ya RAV4 za mwanzo, zilizotoka 1994 hadi 2000, na Carina, Corona na Camry nyingi za miaka ile. Belti moja inazungusha kamshafti (shafti inayofungua valvu), oili pampu na wota pampu. Ili mkono wa fundi ufike kwenye pampu, gurudumu la mbele kulia linatoka, plastiki ya ubavuni inatoka, feni belti na belti ya pawa stelingi zinatoka, injini inawekewa jeki chini ya sampu na kipande cha mbao katikati, mauntingi ya kulia inayoshikilia injini inafunguliwa, puli ya krenki inang'olewa (na bolti yake mara nyingi imeshikana kwelikweli), kava mbili za taimingi zinatoka, alama zinapangwa, belti inatoka, puli zake zinatoka. Hapo ndipo unaiona pampu. Kazi ya kuifungua yenyewe baada ya hapo ni ndogo.

Subaru zenye EJ20 nazo pampu inazungushwa na taimingi belti, ingawa unaingilia mbele: unatoa feni za rejeta na nafasi inapatikana bila kugusa mauntingi. Zile Nissan Teana za V6 pampu inazungushwa na cheni ndani ya injini kabisa, lakini waliounda injini hiyo, iitwayo VQ, waliacha kifuniko maalumu. Fundi anayeijua anafungua kifuniko hicho, analegeza cheni, anapiga bolti mbili ndogo kwenye matundu ya pampu na inajivuta yenyewe. Asiyeijua atakwambia injini ishushwe. Kwa gari la aina hiyo tafuta kwanza fundi aliyewahi kuifanya, pampu itafuata.

Kuanzia hapa nazungumzia pampu iliyo nyuma ya taimingi belti, na mfano wangu ni 3S-FE.

Hakikisha ni pampu kweli

Gari likiwa baridi, asubuhi, kabla hujawasha, angalia chini ya kava ya taimingi. Wota pampu ina sili mbele ya beringi na kitundu kidogo baina yake, makusudi, ili sili ikichoka maji yatoke nje yasiingie kwenye beringi. Kwenye pampu ya nje unaona mchirizi wake waziwazi. Kwenye hii ya ndani maji yanateremka kimyakimya nyuma ya kava, yanalowesha belti, na yanachungulia chini. Ukoko mweupe au wa pinki kwenye ncha ya kava ni ushahidi mzuri. Fundi mwenye kipimo cha presha cha rejeta atakuthibitishia bila kuwasha gari. Kama maji yanapungua bila tone lolote nje, na asubuhi moshi ni mweupe, tatizo linaweza kuwa gasketi ya silinda hedi, na pampu mpya haitakusaidia kitu.

Kuna jambo moja la 3S-FE ambalo limewapotosha watu wengi. Nyuma ya pampu kuna bomba la chuma linalopita kando ya bloku, limechomekwa kwenye kava ya pampu kwa oringi, yaani pete ya mpira. Oringi hiyo ikikauka, maji yanavuja karibu kabisa na pampu. Watu wanabadilisha pampu, wanarudisha oringi ileile iliyogeuka ngumu kama plastiki, na uvujaji unaendelea. Kisha lawama zinaangukia pampu mpya.

Kuongeza maji na dawa ya kuziba

Njia ya kwanza ni kuvumilia. Unabeba madumu ya maji kwenye buti, unaongeza kila asubuhi. Wengine wanamimina dawa ya kuziba rejeta, na mafundi wa zamani wanakuambia uweke bizari au ute wa yai.

Naielewa njia hii, maana nilipandia Kitonga nayo. Nilipumzisha injini mpaka ikapoa, nikajaza maji, nikafunga mfuniko wa rejeta hatua ya kwanza tu ili presha isijengeke na uvujaji upungue, nikapanda taratibu huku hita imefunguliwa hadi mwisho. Nilifika Iringa. Lakini presha ikipungua maji nayo yanachemka mapema, kwa hiyo ujanja huo ni wa kukufikisha gereji iliyo karibu na macho hayaondoki kwenye mshale. Na mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi kamwe. Maji yale yakiruka yanaunguza uso.

Dawa ya kuziba siikubali hata kidogo kwenye pampu. Tundu la rejeta limetulia mahali pamoja, unga unaweza kukwama hapo ukaziba. Sili ya pampu inasuguana na kitu kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Unga unapita, unakwenda kukaa kwenye mirija myembamba ya rejeta na ya hita. Ukija kubadilisha pampu baadaye, una rejeta ya kuzibua pia.

Na wakati unavumilia, maji yanalowesha belti. Beringi ya pampu ikiingia maji inaanza kulegea, puli inacheza, belti inakaa upande. Hapa 3S-FE ina huruma: belti ikikatika, pistoni hazigongi valvu. Gari linazimika barabarani na unavutwa. Kaka yake 3S-FSE, ile ya D4 (inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda) iliyomo kwenye Nadia na Vista, haina huruma hiyo. EJ20 nyingi vilevile. Kwa injini hizo, kuendesha na pampu inayovuja ndani ya kava ni kuziweka valvu zote rehani.

Pampu peke yake

Hii ndiyo niliyoichagua mara ya kwanza. Sababu yangu ilikuwa ya kawaida: mwisho wa mwezi ulikuwa mbali na fundi aliniambia belti "bado nzuri." Aliishika, akaikunja, akaonyesha haina nyufa. Belti za siku hizi si lazima zipasuke ndipo ziwe zimechoka, na ile ilikuwa imeogeshwa kulanti wiki tatu.

Kuna hali moja ambapo njia hii ni sahihi kabisa. Kama belti na puli zake zilibadilishwa hivi karibuni, tuseme hazijapita kilomita 30,000, na una risiti au maandishi, na belti ni kavu, haina maji wala oili, basi kubadilisha tena ni kutupa fedha. Mwambie fundi achore mshale juu ya belti kabla ya kuitoa, ili irudi ikizunguka upande uleule iliozoea. Oringi ya lile bomba ibadilishwe vyovyote vile.

Nje ya hali hiyo, unafuu wake ni wa siku moja tu. Chukua namba hizi za mfano, kwa shilingi za Tanzania: ufundi 150,000, pampu 80,000, belti pamoja na puli na sili 120,000. Pampu peke yake leo ni 230,000. Vyote leo ni 350,000. Pampu leo, belti baada ya miezi sita: 230,000, kisha 270,000, jumla 500,000. Bei za kwako zitakuwa nyingine, lakini weka za mtaani kwako uone. Tofauti itatoka ileile, yaani ufundi mmoja uliolipwa mara mbili.

Pampu na kila kinachoguswa na belti

Njia ya tatu ni kuingia mara moja na kutoka na kila kitu kipya: pampu na gasketi yake, oringi ya bomba, taimingi belti, puli ya kukazia na spring yake, puli ya pili isiyokazia, na sili tatu zinazojificha hapohapo, ya kamshafti, ya krenki na ya oili pampu. Sili ni vitu vya bei ndogo, na ndizo zilizonirudisha gereji. Sili ikitoa oili juu ya belti mpya, belti inalainika na kuvimba, na kazi yote imeharibika.

Toyota kule Japani walikuwa wanataka taimingi belti za injini za wakati huo zibadilishwe kila kilomita 100,000. Kwa gari lililofika kwetu likiwa limetumika, ambalo hesabu ya dashibodi haina wa kuishuhudia, mimi naihesabu belti kuwa imekwisha mpaka nione uthibitisho. Pampu inayovuja inakupa nafasi ya kuanza hesabu yako mwenyewe.

Ongeza na themostati. Mafundi wengi wanaitoa na kuitupa wakisema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Themostati ya injini hii inafunguka kwenye nyuzijoto 82 hivi. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto lake, mafuta yanaliwa zaidi, oili inabaki nzito, na gari likianza kuchemsha hujui tena chanzo ni nini. Kama yako ilishatupwa, siku ya kubadilisha pampu ndiyo siku ya kuirudisha.

Mtu ataniuliza kuhusu hali ya kinyume: belti imefika kilomita zake, pampu ni kavu, je, ibadilishwe nayo? Kwa kawaida ndiyo. Isipokuwa pampu iliyopo ni ya Toyota yenyewe, shafti haichezi, na dukani umeambulia pampu isiyo na jina tu. Hapo naiacha ile ya zamani ifanye kazi.

Pampu ipi dukani

Ukienda Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kule Nairobi, utawekewa mezani pampu tatu au nne za 3S zenye bei zinazopishana mno. Kuna ya Toyota kwenye boksi lake. Kuna ya Aisin, kampuni ya Kijapani inayoitengenezea Toyota vifaa hivihivi. Kuna za Kijapani nyingine kama GMB. Kisha kuna boksi lenye maandishi makubwa na jina ambalo hujawahi kulisikia.

Baina ya Toyota na Aisin mimi nachukua Aisin bila kusita, fedha iliyobaki nainunulia belti nzuri, Mitsuboshi au Bando. Baina ya Aisin na boksi lisilo na jina, kumbuka kwamba pampu ni sehemu ndogo ya gharama. Kuokoa 30,000 kwenye kitu ambacho kukifikia tena kunagharimu siku nzima ya fundi hakuna faida.

Lakini boksi linaweza kudanganya, kwa hiyo itoe pampu uishike. Zungusha puli kwa kidole: inatakiwa izunguke nzito kidogo, ulaini uleule mzunguko mzima, bila kukwaruza. Ishike puli uitikise juu na chini. Isicheze hata kidogo. Tazama uso unaokaa gasketi, uwe umechongwa sawasawa. Angalia mapanga ya nyuma yasiwe yamekaa upande. Halafu, hili ndilo la muhimu, nenda na pampu ya zamani mkononi. Hesabu meno ya puli ya zamani na ya mpya, zilaze ubavu kwa ubavu uone urefu wa shafti na matundu ya bolti. Pampu ya injini ya karibu inaweza kufanana sana na yako kwa macho.

Pampu ya mtumba siitaki. Sili iliyokaa na maji miaka kumi na tano, kisha ikakauka kwenye rafu miezi minane, haina uhai wa kuaminika. Ambacho ningechukua cha mtumba ni ile kava ya nyuma ya pampu, kama ya kwako imeliwa na kutu kwa sababu ya maji ya kisima yaliyotumika badala ya kulanti. Kava ni chuma kitupu. Ikiwa uso wake ni mzima, inatosha.

Nani afungue

Kama una jeki, stendi mbili za uhakika, spana za soketi, spana ya kupimia nguvu na wikiendi nzima, 3S-FE ni injini nzuri ya kujifunzia, hasa kwa sababu ukikosea jino moja la taimingi huharibu valvu. Tundu la gia ya kamshafti linalingana na alama ya kwenye kepi inayoishika kamshafti, mfuo wa puli ya krenki unalingana na sifuri ya kwenye kava. Ukishafunga, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, kulia, uone alama zinarudi palepale. Gari lako likiwa na EJ20, dizeli ya TDI ya Volkswagen au 3S-FSE, usijifunzie hapo.

Fundi wa mtaani anayezijua Toyota za zamani ndiye chaguo langu, kwa masharti mawili. La kwanza, nipo wakati anafungua, na vifaa vya zamani vyote napewa mkononi. La pili, tunakubaliana kabla kwamba gundi ya silikoni haitapakwa mahali penye oringi au gasketi ya karatasi. Mabaki yake yanamegeka na kusafiri hadi kwenye rejeta. Mlipe kwa kazi, usimharakishe. Anayeharakishwa ndiye anayefungua bolti ya krenki kwa kupiga stata huku kaegemeza chuma, na hapo mkono wa mtu unavunjika.

Gereji kubwa ina faida mbili, vifaa vya kupimia na karatasi ya dhamana. Bei yao ya ufundi inaweza kuwa kubwa kuliko vifaa vyote ulivyonunua. Kwa gari la thamani ndogo hesabu hiyo haitoki vizuri, ila kwa ile Teana ya V6, au kama huna muda wa kukaa na fundi kutwa nzima, ni fedha iliyotumika vizuri.

Kama limeshachemsha sana

Ikiwa gari liliendeshwa hadi likazimika lenyewe, simamisha mazungumzo ya pampu kwanza. Hedi ipimwe kama imepinda. Kuisaga hedi, gasketi mpya, pampu, belti na ufundi wa vyote hivyo vinaweza kukaribia bei ya injini ya mtumba kutoka Japani, na wengi huishia huko.

Ukienda huko, injini ikiwa bado iko chini sakafuni, badilisha wota pampu, oringi, belti, puli na sili zote kabla haijapandishwa. Kazi iliyokuwa ya kutwa nzima inakuwa ya saa chache, hakuna bodi inayozuia mkono, kila alama unaiona umesimama. Muuzaji atakwambia injini hii imetoka kwenye gari lililotembea kidogo. Badilisha tu.

Siku ya kwanza baada ya kufunga

Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Jaza polepole, hita ikiwa imefunguliwa, mfuniko wazi, injini ikiunguruma taratibu, huku ukiminya hosi ya juu mpaka mapovu yaishe na feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili. Kesho yake asubuhi gari likiwa baridi fungua uangalie. Kwa kawaida maji yatakuwa yameshuka kidogo, ongeza. Rudia keshokutwa. Chuchumaa pale nyuma ya gurudumu la mbele kulia, pitisha kidole chini ya ncha ya kava. Kikitoka kikavu siku tatu mfululizo, chukua kalamu ya maka uandike juu ya kava ya taimingi tarehe na kilomita za dashibodi. Yangu inasomeka hivyo mpaka leo, na kila fundi anayefungua boneti anaisoma kabla hajaniuliza swali.